Kilo Ngapi za Kukata Kona?

Mbio za boti ndogo za rimoti huamuliwa kwenye maboya. Sehemu ikinyooka, kila mwenye mota kali hupaa. Ubishi huanza pale boti inapokata kona. Nchini Marekani, ambako vyama vya IMPBA na NAMBA huendesha mashindano haya kwa kanuni zilizoandikwa, boti huzunguka njia yenye umbo la yai kwa kufuata mwendo wa mshale wa saa, hivyo kona zake ni za kulia. Boti isiyoshika kona hutanuka, ikaingia njia ya mwenzake au ikapanda boya. Lawama huangukia rafadha au umbo la boti. Mara nyingi, hata hivyo, kosa limo ndani ya kijisanduku cha urefu wa sentimeta 4 hivi kinachozungusha usukani, yaani servo.

Ndani ya servo mna mota ndogo, giya za kupunguza mwendo, kifaa cha kupima pembe na saketi inayoamua. Kipokezi cha redio huiletea mapigo ya umeme, kwa kawaida moja kila baada ya milisekunde 20. Pigo la milisekunde 1.5 huuweka usukani katikati. Likifupika kuelekea 1, usukani huenda upande mmoja. Likirefuka kuelekea 2, huenda upande wa pili. Saketi hulinganisha pembe iliyoagizwa na pembe iliyopo, na zikitofautiana huipa mota umeme hadi zilingane. Wazo la kuongoza chombo majini kwa redio ni la zamani: Nikola Tesla aliwaonyesha watu boti ya namna hiyo huko Madison Square Garden, New York, mwaka 1898.

Anayekwenda kununua hukutana kwanza na kilo. Servo ya Futaba S3003, iliyoenea sana duniani, hutajwa kuwa na kilo 3.2 kwa umeme wa volti 4.8. Maana yake ni kwamba mkono wake, ukipimwa sentimeta 1 kutoka kwenye shafti, unaweza kushikilia mzigo wa kilo 3.2. Ukipima sentimeta 2, uwezo unabaki nusu. Savox SW-0231MG, ambayo haiingizi maji, hutajwa kuwa na kilo 15 kwa volti 6. Je, boti inahitaji ipi?

Jibu linatoka kwenye maji, na linaweza kukokotolewa kwa kalamu. Chukua ubao wa usukani uliozama majini kwa kimo cha sentimeta 4 na upana wa sentimeta 2, kwenye boti inayokwenda kilomita 50 kwa saa. Usukani ukipindwa vya kutosha kukata kona, maji yanaweza kuusukuma kwa nguvu ya takriban kilo 3.1. Kama msukumo huo unaangukia milimita 7 nyuma ya mhimili, servo inabeba kilo 2.2 hivi. Mzigo huo S3003 inauweza. Lakini msukumo wa maji hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo. Boti hiyohiyo ikifika kilomita 100 kwa saa, mzigo hauongezeki mara mbili, bali mara nne, na kuwa karibu kilo 9. Ndiyo sababu servo iliyofanya kazi vizuri mwaka mzima huanza kulegea siku mwenye boti anapofunga betri yenye volti nyingi zaidi.

Viwanda navyo vinajua hesabu hiyo. Traxxas Spartan, boti ya urefu wa sentimeta 91 ambayo kiwanda hutangaza kwamba hupita maili 50 kwa saa, huja na servo ya kilo 9 hivi. Kwa hesabu yetu, mwendo huo wa kilomita 80 kwa saa ungehitaji kilo 5.6, kwa hiyo imebaki akiba. Akiba hiyo ni ya lazima, kwa sababu kilo zinazoandikwa kwenye boksi ni zile za servo iliyokwama kabisa, ikisukuma bila kusogea. Servo inayofanya kazi karibu na kikomo hicho huchelewa, hupata moto na hufa mapema. Mara mbili ya mzigo uliokokotolewa ni kipimo cha busara. Boti za injini ya nje zinahitaji tahadhari zaidi, maana servo yake hugeuza injini yote pamoja na rafadha inayozunguka.

Hapo ndipo wengi hukimbilia servo yenye kilo nyingi kuliko zote dukani, na shida nyingine ikazaliwa. Kilo hununuliwa kwa umeme. Servo ya MG996R ikikwama kwa volti 6 hunywa hadi ampea 2.5, na za dijitali zenye nguvu zaidi hupita hapo. Umeme huo kwa kawaida hutoka kwenye kidhibiti cha mota, ambacho pia hulisha kipokezi. Kidhibiti hicho kikizidiwa, volti hushuka, kipokezi hujizima na kujiwasha upya, na kwa sekunde hiyo boti haina nahodha. Anayefunga servo kubwa afunge pia chanzo chake cha umeme kinachojitegemea.

Kasi haina uzito wa kilo, ingawa ina thamani yake. Hupimwa kwa muda wa kuzunguka nyuzi 60: S3003 hutumia sekunde 0.23 kwa volti 4.8, SW-0231MG 0.17 kwa volti 6. Usukani ukienda nyuzi 30 tu, tofauti ya hizo mbili ni sekunde 0.03. Kwa mwendo wa kilomita 72 kwa saa, boti husafiri sentimeta 60 katika muda huo. Dereva hodari ataihisi. Anayeanza atafaidika zaidi na fito imara, yaani waya unaounganisha mkono wa servo na usukani.

Na fito ndiyo hudharauliwa kuliko yote. Waya mwembamba mrefu usioshikiliwa katikati huvuta vizuri, lakini ukisukuma hupinda, kwa hiyo boti hukata kona vizuri upande mmoja na vibaya upande wa pili huku servo ikiwa nzima. Mashimo yaliyotanuka yanaleta uyumbaji uleule. Mkono wa servo nao haubadilishwi ovyo: shafti ya Futaba ina meno 25, za Hitec nyingi zina 24, na mkono uliolazimishwa utateleza katikati ya mbio.

Giya za nailoni zinatosha boti ndogo za umeme. Boti za petroli hutikisika mfululizo, na mtikisiko huo hula meno ya plastiki, hivyo giya za chuma na beringi zinafaa huko. Kwa usukani unaoweza kugonga gogo, mafundi hutumia boliti ya nailoni kwenye kishikio chake. Boliti hukatika, usukani huinuka, servo inasalimika.

Kuhusu maji, alama ya IP67 inamaanisha kwamba servo imepimwa kwa kuzamishwa hadi mita 1 kwa dakika 30. Chumvi ni habari nyingine. Boti ikitoka baharini, servo isuuzwe kwa maji ya bomba, ikaushwe, na shafti ipakwe grisi juu ya oringi. Ikianza kutetemeka ikiwa katikati bila rimoti kuguswa, huenda kipimo cha pembe kimechakaa au kimepata unyevu, na servo hiyo haifai kuingia mbioni kabla ya kubadilishwa.