Kabati kuukuu la mchezo: lifufuliwe au ligeuzwe?

Wako watu Marekani, Uingereza na Japani ambao hupekua maghala na vibanda wakitafuta makabati ya michezo ya video, yale ya kusimama wima, yenye kioo, vifungo, kijiti cha kuongozea na tundu la kutilia sarafu. Katika miaka ya 1970 na 1980 makabati hayo yalijaa kumbi za michezo na mikahawa. Leo mengi yameliwa na unyevu, na anayelipata moja hukabiliwa na swali lililogombanisha marafiki: alirudishe kama lilivyotoka kiwandani, au alitoe matumbo na kulitia kompyuta?

Wenye kutaka kugeuza wana hoja nzito. Tangu mwaka 1997, ilipotoka programu iitwayo MAME, kompyuta moja yaweza kuchezesha michezo mingi sana ambayo zamani kila mmoja ulihitaji kabati lake. Isitoshe, kioo cha zamani ni kizito, kuna spea chache, na ndani yake umeme wa maelfu ya volti huweza kubaki hata baada ya waya kuchomolewa ukutani. Asiye fundi asikiguse.

Wenye kutaka kufufua nao hawakosi jawabu. Picha za michezo ile zilichorwa kwa ajili ya kioo kile kile, na rangi zake huonekana tofauti penginepo. Bunduki za michezo mingi ya shabaha hulenga kwa kupokea mwanga wa kioo hicho. Ukiweka kioo bapa cha kisasa, bunduki ya asili huwa kipofu.

Lakini je, kugeuza ni kuharibu daima? Hebu tutazame kisa cha kampuni ya Nintendo. Mwaka 1980 tawi lake la Marekani, chini ya Minoru Arakawa, liliagiza yapata makabati 3,000 ya mchezo uitwao Radar Scope. Takriban 2,000 yalikosa mnunuzi, na kampuni ikawa hatarini. Kule Japani kijana Shigeru Miyamoto akapewa kazi ya kubuni mchezo mpya utakaoingia katika makabati yale yale. Ukazaliwa Donkey Kong, mwaka 1981. Arakawa, mkewe na wafanyakazi wachache walibadilisha mitambo na mapambo kwa mikono yao katika ghala karibu na Seattle. Mchezo huo ukavuma duniani, na mwaka 2017 ukaingizwa katika orodha ya heshima ya michezo ya video katika makumbusho ya The Strong, mjini Rochester.

Basi kugeuza kuliiokoa kampuni. Ila tazama na upande wa pili: kabati zima la Radar Scope sasa ni adimu kabisa.

Hata wenye kumbi walikuwa wakigeuza. Mchezo ukichujuka, walinunua mtambo mpya na bango jipya, wakaliacha kabati lile lile. Mwaka 1985 chama cha watengenezaji wa Japani kilitoa mpango wa JAMMA, wa kuunganisha waya kwa namna moja, na kazi hiyo ikawa nyepesi zaidi.

Alhasili, la kuamua ni hali ya kabati, wala si ladha ya mwenyewe. Likiwa bado lina mtambo wake, kioo chake na michoro yake ubavuni, hata kama haliwaki, ni amana, lifufuliwe. Likiwa limekwisha kutolewa kila kitu, limebaki mbao tupu, basi ligeuzwe bila lawama, maana aliyelipa maisha mapya hakumdhulumu mtu.

Na lililo katikati? Hapo ndipo penye kuhitaji insafu. Tia kompyuta ukipenda, lakini usikate ubao wala usitoboe tundu jipya. Kila kilichotolewa kiwekwe kikiwa na alama, ili ajaye baadaye aweze kukirudisha. Waya huunganishwa tena na rangi hupakwa tena. Msumeno ukishapita, hauna toba.