Paroko na Mzabibu Uliokaribia Kutoweka

Tunapomwona Padre akimimina divai katika kalisi, ni nadra kujiuliza imetokana na zabibu za aina gani. Kanisa nalo halidai kujua. Kanuni ya 924 ya Sheria za Kanisa yataka tu divai iwe ya asili, itokane na tunda la mzabibu, wala isiwe imeharibika. Iwe nyekundu au nyeupe, yafaa. Mkulima wa mizabibu, hata hivyo, hana budi kuuliza, na katika nchi ya Italia swali hilo lina majibu mengi mno.

Huko zabibu za kienyeji zifaazo kwa divai zahesabiwa kwa mamia. Nebbiolo ya Piemonte ndiyo itoayo Barolo. Sangiovese ndiyo msingi wa Chianti ya Toscana. Aglianico imezoea milima ya Campania na Basilicata. Hizo zina majina makubwa. Nyingine nyingi zilijulikana katika bonde moja au vijiji vichache tu, na ndizo zilizokuwa hatarini zaidi.

Sababu iko katika namna mzabibu unavyoongezwa. Mbegu ya zabibu ikipandwa haitoi mzabibu ulio sawa na mama yake. Kwa hiyo mkulima hukata kipande cha tawi na kukipanda, au hukipandikiza juu ya shina jingine. Waamini wenzetu wa Dodoma walimao zabibu wanalijua jambo hili kwa mikono yao. Basi aina ya zabibu huishi maadamu yupo mtu aonaye yafaa kukata tena. Mdudu aitwaye filoksera, aliyegunduliwa Italia mwaka 1879, aliangamiza mizabibu kwa kushambulia mizizi, ikalazimu mashamba kupandwa upya juu ya mashina yenye asili ya Amerika. Na apandaye upya, tusimlaumu, mara nyingi huchagua ile izaayo kwa wingi.

Ndivyo ilivyokaribia kupotea Ruchè, zabibu nyekundu ya Castagnole Monferrato, kijiji cha mkoa wa Asti katika Piemonte. Vilima vile vilitawaliwa na Barbera. Ruchè ilisalia mistari michache, na divai yake ilinywewa nyumbani siku za sikukuu. Padre Giacomo Cauda, aliyefika hapo kuwa paroko katika miaka ya 1960, aliikuta katika shamba la mizabibu la parokia. Angeweza kuing'oa, wala hakuna ambaye angemlaumu. Yeye akaitunza, akatengeneza divai ya zabibu hiyo na kuiuza kwa jina lake yenyewe, divai yenye harufu ya waridi na viungo. Hatusemi kila paroko awe mfanyabiashara wa divai. Lakini huyu alijua kilichokuwa mikononi mwake.

Majirani nao wakaanza kuipanda. Mwaka 1987 divai hiyo ilipewa hadhi ya DOC, yaani jina la eneo linalolindwa na sheria, na mwaka 2010 ikapandishwa kuwa DOCG, daraja la juu kabisa nchini humo. Sheria yake yadai angalau asilimia 90 iwe Ruchè. Leo inalimwa katika maeneo ya vijiji saba, na lile shamba la parokia bado laitwa Vigna del Parroco, yaani Shamba la Mizabibu la Paroko.