Châteauneuf-du-Pape: Mvinyo wa Mawe, Jua na Upepo

Châteauneuf-du-Pape ni mvinyo, hasa mwekundu, wa kusini mwa Ufaransa, unaotoka katika bonde la mto Rhône, kaskazini kidogo ya mji wa Avignon. Mwaka 1309 Papa Klementi wa Tano alihamia Avignon, na mrithi wake, Yohane wa Ishirini na Mbili, akajenga ngome juu ya kilima cha kijiji jirani iwe makao yake ya kiangazi. Ngome hiyo sasa ni gofu, ila kijiji na mvinyo wake vingali vinabeba jina la Papa.

Anayefika katika mashamba mengi ya huko huona mawe kabla ya kuona udongo. Ni mawe ya mviringo, mengine makubwa kuliko ngumi, yaliyosombwa na mto kutoka milima ya Alps katika zama za kale. Mchana hunyonya joto la jua, usiku huliachia polepole, na zabibu zikazidi kuiva. Chini yake, udongo wa mfinyanzi hutunza maji ambayo mizizi huyafuata wakati wa ukame. Kutoka kaskazini huvuma mistral, upepo mkali na mkavu unaokausha vishada visishikwe na ukungu. Ndiyo maana mizabibu mingi hukatwa ikabaki mifupi kama vichaka, isivunjwe na upepo huo. Lakini si kila shamba lina mawe. Château Rayas, mojawapo ya majina yanayoheshimiwa kupita yote, hulima kwenye mchanga, na mvinyo wake ni mwepesi na wa upole.

Zabibu kuu ni Grenache, inayopenda joto na kujaa sukari. Sukari hiyo ikichacha hugeuka kilevi, na chupa nyingi hufikia asilimia 14 au 15. Grenache hutoa utamu wa matunda na ulaini, Syrah huongeza rangi na viungo, Mourvèdre huupa mvinyo nguvu ya kudumu. Kwa desturi huhesabiwa aina 13 zinazoruhusiwa, zikiwemo nyeupe. Château de Beaucastel huzilima zote, ilhali wengine huridhika na Grenache peke yake.

Sifa hizi zingeweza kupotea. Baada ya mdudu filoksera kuangamiza mizabibu ya Ufaransa katika karne ya 19, mvinyo hafifu uliuzwa kwa majina makubwa. Mwaka 1923 wakulima wa kijiji, wakiongozwa na Baron Pierre Le Roy, walijiwekea masharti: mipaka ya ardhi, aina za zabibu, kiwango cha chini cha kilevi, na kuchambua zabibu mbovu. Kwao ardhi iliyofaa ilikuwa ile kavu na maskini inayoota thaimu na lavenda. Ulikuwa uamuzi wa kijasiri, na mwaka 1936 jina lao likawa miongoni mwa ya kwanza kulindwa na sheria ya taifa. Hadi leo zabibu huvunwa kwa mkono.

Ukiwa mchanga, mvinyo huu hunukia matunda mekundu yaliyoiva, pilipili manga na majani makavu ya vilima vya kusini. Chupa nzuri huweza kukaa miaka 10 hadi 20. Kadiri unavyozeeka, harufu ya matunda hupungua, ikaja ya ngozi, tini kavu na udongo wa msituni. Huandamana vizuri na nyama ya kondoo au ya mwituni, na hupendeza zaidi ukiwa na ubaridi kidogo, nyuzi 16 hadi 18.