Shule zikifungwa, mtoto anaweza kujifunza kusoma akitengeneza kitu

Mwezi wa pili mwaka 2025, UNICEF ilitangaza kwamba shule zaidi ya 2,500 zimefungwa mashariki mwa Congo kwa sababu ya vita, na watoto 795,000 hawasomi tena. Katika nyumba nyingi za Goma na Bukavu, wazazi walibaki na swali moja: mtoto afanye nini nyumbani ili asisahau kusoma na kuandika?

Kisa cha kijana mmoja wa Malawi kinaweza kuwasaidia.

Mwanzoni mwa mwaka 2002, William Kamkwamba alikuwa na miaka 14. Njaa ilikuwa imepiga nchi yake, na baba yake, mkulima wa mahindi, alikosa dola 80 za minervali ya mwaka. William akarudishwa nyumbani. Ili wenzake wasimwache mbali, akaanza kwenda kwenye maktaba ndogo ya shule ya msingi ya Wimbe.

Huko alikuta kitabu cha Kiingereza juu ya nishati, chenye picha za mashine zinazozungushwa na upepo. Kiingereza chake kilikuwa kidogo, kwa hiyo alianza na michoro. Akiona mchoro namba 10, alitafuta ndani ya maandishi mahali ulipotajwa, akasoma maneno yote ya karibu. Neno likimshinda, alimuuliza mama mtunza maktaba.

Kisha akakusanya feni ya trakta, kinga ya zamani ya baba yake, dinamo na mabomba ya plastiki. Upepo ulipozungusha mashine yake, balbu ikawaka. Baadaye alirudi shuleni, mwaka 2009 akatoa kitabu juu ya maisha yake pamoja na mwandishi Bryan Mealer, na mwaka 2014 akamaliza chuo kikuu cha Dartmouth, Marekani.

William alisoma maneno magumu kwa sababu alikuwa na kitu cha kutengeneza. Njia hiyo haihitaji mashine kubwa. Watoto wa Kivu wanajua kutengeneza motokari za waya na chukudu ndogo za mbao. Mzazi anaweza kuanzia hapo, kwa kaye moja na biki moja.

Kabla ya kazi, mtoto achore kitu anachotaka na kuandika jina la kila sehemu: gurudumu, usukani, ubao. Wakati wa kazi, aandike kilichovunjika na namna alivyokirekebisha. Mwishoni, aandike maelezo hatua kwa hatua, halafu karatasi apewe mtoto wa jirani. Huyo akishindwa kutengeneza kitu kilekile, hatua fulani imesahaulika, na mwandishi arudi kusahihisha.

Hata mama asiyejua kusoma anaweza kusimamia. Mtoto amsomee kwa sauti, naye mama afuate kwa mikono yale anayosikia. Kosa litaonekana mara moja. Visu, misumari na nyaya za umeme vibaki chini ya macho ya mtu mzima.

Kazi hii haichukui nafasi ya mwalimu. Lakini siku mlango wa shule utakapofunguliwa, mtoto atarudi na kaye iliyojaa, na mkono ambao haujasahau kuandika.