Nauli ya Kufika Hospitali: Wakfu wa Jamii Unavyosaidia Afya ya Familia

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza habari za malaria, lishe ya watoto, chanjo na usafi. Mwezi huu tunazungumza habari za fedha. Usishangae. Mtu aliyewahi kuuguza mgonjwa nyumbani anajua kwamba mara nyingi daktari yupo, dawa ipo, hata kitanda kipo, ila kinachokosekana ni nauli ya kumfikisha mgonjwa mahali hapo.

Jambo hili limekuwa zito zaidi tangu mwaka 2025. Tarehe 20 Januari mwaka huo serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90 ili ichunguzwe, na tarehe 1 Julai shirika lake la misaada, USAID, likafunga shughuli zake. Katika nchi zetu misaada hiyo ilikuwa imebeba sehemu kubwa ya huduma za UKIMWI tangu mpango wa PEPFAR ulipoanza mwaka 2003. Wako wahudumu wa afya waliolala wakiwa na kazi wakaamka hawana. Hatusemi kwamba misaada ya mbali ni mibaya. Imeokoa maisha ya watu wengi mno. Tunasema tu kwamba uamuzi wa kuikata ulifanyika mahali ambapo hakuna hata mmoja wetu aliyeulizwa.

Je, inawezekana kuwa na fedha ambayo uamuzi wake uko karibu nasi? Inawezekana, na wako watu ambao wameifanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka mia moja.

WAKFU WA JAMII NI NINI?

Watu wa pwani wanalijua neno wakfu tangu zamani. Mwislamu aliweza kutoa nyumba au shamba la minazi, lisiuzwe wala lisirithiwe, na mapato yake yakatunza msikiti au kusaidia maskini. Wakfu wa jamii unafanana na hayo. Watu wa mahali pamoja, wengi kwa kidogo na wachache kwa kingi, huweka fedha katika mfuko mmoja. Fedha hiyo haitumiwi yote. Huwekezwa, na faida yake hutolewa kila mwaka kuwa ruzuku kwa vikundi vya mahali hapo vyenye kazi inayoeleweka. Ruzuku si mkopo, hairudishwi. Lakini lazima itolewe hesabu.

Tuchukue mfano. Mfuko wa shilingi milioni 20 ukiwekwa katika hati fungani za serikali zinazotoa asilimia 10 kwa mwaka utaleta milioni 2. Kamati yenye busara itagawa milioni 1 na kurudisha milioni 1 mfukoni, kwa kuwa bei za vitu hupanda. Milioni moja si fedha nyingi. Lakini itakuja mwaka huu, itakuja mwaka ujao, na itakuja mwaka ambao mtoto aliyebatizwa Jumapili iliyopita atakuwa anafunga ndoa.

ULIKOANZIA

Wakfu wa kwanza wa namna hii ulianzishwa mwaka 1914 katika mji wa Cleveland, Marekani, na mkuu wa benki aliyeitwa Frederick Harris Goff. Goff alikuwa mwanasheria pia, na aliona tatizo ambalo sisi huenda tusilifikirie: matajiri waliokufa waliendelea kuwatawala walio hai kwa njia ya wosia. Mfano mmoja unasimuliwa mara nyingi. Bryan Mullanphy, aliyewahi kuwa meya wa mji wa St. Louis, alifariki mwaka 1851 akiwa ameacha theluthi ya mali yake isaidie wasafiri maskini waliopita mjini hapo wakielekea Magharibi kutafuta ardhi. Wosia mwema kabisa. Ila baadaye reli ilijengwa, wasafiri wa magari ya kukokotwa wakapungua mpaka wakaisha, na fedha ikabaki inasubiri watu ambao hawaji tena, huku mji ukiwa na maskini wengine tele.

Dawa ya Goff ilikuwa rahisi. Fedha ikae mfukoni daima, lakini matumizi yake yaamuliwe na kamati ya watu walio hai, wanaoweza kuona shida ya leo. Wajumbe wengine wa kamati hiyo waliteuliwa na meya na majaji, ili benki isiwe peke yake. Nasi tuongeze kwamba kabla ya kugawa fedha nyingi, watu wa Cleveland walichunguza kwanza. Uchunguzi wao kuhusu shule, ulioongozwa na Leonard Ayres, ulitoa vitabu 25, na kimoja, cha mwaka 1915, kilihusu afya ya wanafunzi. Kilihesabu mambo kama mama anavyohesabu akiba ya jikoni: mji ulikuwa na madaktari 16 na wauguzi 27 kwa ajili ya watoto wa shule, wanafanya nini, wanafika wapi, na nini hakifanyiki. Huwezi kugawa vizuri usichokihesabu.

JIRANI ZETU WA KENYA

Wazo hilo limefika Afrika Mashariki pia. Kenya Community Development Foundation, ambayo wengi huiita KCDF, ilianza mwaka 1997 kwa msaada wa Ford Foundation na Aga Khan Foundation, ikaandikishwa rasmi mwaka 2001. Ndani yake imo mifuko midogo iliyowekwa na vikundi, familia na makampuni, na hutoa ruzuku kwa elimu, kilimo, maji na kazi za vijana.

Sehemu ya kazi yao inayofaa kuigwa ni ile waliyoiita Pamoja4Change. Kikundi hufundishwa kuchangisha kwa watu wake chenyewe, na kile kilichokusanywa KCDF hukiongezea. Wakenya wana desturi kubwa ya harambee, hivyo kuchanga si jambo geni kwao. Tofauti ni kwamba harambee humaliza shida moja ikaisha, na mwezi ujao mnakusanyika tena kwa shida nyingine.

Hapa Tanzania tunalijua jambo la kuongezewa kwa jina zuri zaidi: tele kwa tele. Mfuko wa Afya ya Jamii ulipoanza kujaribiwa Igunga, mkoani Tabora, katikati ya miaka ya 1990, na ulipowekewa sheria mwaka 2001, serikali iliongeza kiasi kilekile ambacho kaya zilichanga. Mfuko ule ulikuwa wa kulipia matibabu, haukuwa wakfu, na njiani ulipata matatizo yake. Lakini ulifundisha vijiji vingi kwamba shilingi ya mwenyeji inaweza kuita shilingi nyingine. Na akina mama wa VICOBA hawahitaji kufundishwa: pembeni ya hisa wanazonunua kila wiki, huweka kiasi kidogo katika mfuko wa jamii kwa ajili ya ugonjwa na msiba.

KATI YA NYUMBA NA ZAHANATI

Sasa tufike kwenye afya yenyewe. Mwaka 1994 watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, waliandika juu ya vifo vya akina mama wajawazito, wakaeleza kwamba mama hufa kwa sababu ya kuchelewa kwa namna tatu. Kwanza, kuchelewa kuamua kwenda hospitali. Pili, kuchelewa kufika. Tatu, kuchelewa kuhudumiwa akishafika. Fedha kubwa za serikali na wafadhili kwa kawaida huonekana katika ile ya tatu, yaani majengo, vifaa na dawa. Zile mbili za kwanza zinatokea nyumbani na barabarani, na hapo ndipo ruzuku ndogo ya wakfu inapokaa vizuri.

Fikiria mama anayevuja damu saa nane usiku. Mume yuko safarini, na mama mkwe anasema tusubiri kuche. Ruzuku ya kuwafundisha wakunga wa jadi, mama wakwe na waume dalili za hatari (damu kutoka kabla ya kujifungua, kichwa kuuma sana na macho kuona giza, degedege, homa kali) haigharimu hata robo ya bei ya gari. Kisha ruzuku nyingine iweke akiba ya nauli kwa mwenye kumbukumbu wa kikundi, na makubaliano ya maandishi na madereva wawili wa bodaboda au bajaji na mmoja wa gari, bei ikiwa imepangwa mchana, kabla ya usiku wa matatizo. Utaratibu wa m-mama, ambao kufikia mwaka 2023 ulikuwa umeenea mikoa yote ya Tanzania, unaonyesha kuwa jambo hili linawezekana: ndugu wa mgonjwa hupiga simu namba 115 bila malipo, dereva wa jirani huitwa pale ambapo gari la wagonjwa halipo, naye hulipwa baada ya kumfikisha mama. Kikundi cha kijiji kinaweza kuhakikisha kwamba kila nyumba inaijua namba hiyo, na kwamba madereva wa kwao wameandikishwa.

Vivyo hivyo kwa kifua kikuu. Dawa zake ni bure, lakini matibabu ya kawaida huchukua miezi 6, na katika miezi hiyo mgonjwa anasafiri, anakosa vibarua, na anahitaji chakula cha kutosha. Anayeacha dawa katikati mara nyingi si mkaidi, ameishiwa. Unga, maharage na nauli ya kliniki kwa wagonjwa kumi ni aina ya jambo ambalo mfadhili wa mbali hawezi hata kuliona, ilhali katibu wa jumuiya ndogo ndogo analijua kwa majina na kwa nyumba.

Tuseme ukweli ambao hautapendeza. Sisi huchanga kwa haraka zaidi kwa ajili ya jeneza kuliko kwa ajili ya nauli ya hospitali. Daftari la rambirambi hujaa siku moja. La mgonjwa huzungushwa wiki nzima.

MAJI YA PAANI

Kazi nyingine inayofaa sana kwa ruzuku ni kuvuna maji ya mvua shuleni na kwenye zahanati. Hesabu yake ni nyepesi: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya bati hutoa lita 1 ya maji. Basi paa la mita za mraba 100 likinyeshewa milimita 10 hutoa lita 1,000, na hata sehemu ikipotea mtabaki na lita kama 800. Maji ya kwanza ya msimu yamwagwe, kwa sababu yameosha vumbi na kinyesi cha ndege. Tangi lifunikwe vizuri, la sivyo mtakuwa mmejenga nyumba ya mbu. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa. Mkunga asiye na maji ya kunawa mikono ni hatari kwa mama na mtoto hata akiwa na elimu kubwa.

KISICHOWEZEKANA

Wakfu wa jamii hauwezi kununua dawa za kurefusha maisha kwa wilaya nzima, wala kulipa mishahara ya wauguzi. Hiyo ni kazi ya serikali, na asiwepo mtu wa kuisukuma kazi hiyo kwenye visanduku vya vijiji. Hatari nyingine ni ya ndani: mwenyekiti anayegawia ndugu zake. Ndiyo maana sanduku la VICOBA lina kufuli tatu na wenye funguo watatu. Wakfu nao unahitaji kamati inayobadilishwa, mkaguzi asiye jamaa, na majina ya vikundi vilivyopewa yabandikwe ukutani pamoja na kiasi.

KIKUNDI CHENU KIKITAKA KUOMBA

Hapa Tanzania, Foundation for Civil Society ya Dar es Salaam imekuwa ikitoa ruzuku kwa vikundi vya kiraia tangu mwaka 2003, ingawa sehemu kubwa ya fedha zake hutoka kwa wafadhili wa nje. Popote mtakapoomba, mtaulizwa mambo yaleyale. Muwe mmeandikishwa, muwe na katiba na akaunti ya benki yenye watia saini zaidi ya mmoja. Andikeni shida moja, si kumi: akina mama wangapi wa kijiji chenu walijifungulia njiani mwaka jana, umbali hadi kituo cha afya ni kilomita ngapi, nauli ya usiku ni shilingi ngapi. Onyesheni mlichokwisha kuchanga wenyewe, hata kama ni elfu hamsini na mifuko mitano ya saruji. Tunzeni kila risiti, pamoja na ile ya msumari. Mkinyimwa, ulizeni sababu kwa barua, kisha rekebisheni na muombe tena kipindi kinachofuata.