Mtoto wa Patricia katika soko la Mpondwe

BWERA, Uganda

Dereva wa lori kutoka Dar es Salaam akifika Bwera na kuuliza posho yake iko wapi, ataelekezwa kwa mama mpika chakula. Huko atapewa sahani ya ugali na maharage, kwa sababu upande huu posho si fedha ya safari, ni chakula. Akivuka daraja la Mto Lhubiriha kwenda Kasindi, sahani ile ile ataikuta ikiitwa bugali, na nyongeza anayodai mnunuzi baada ya kupimiwa mchele itakuwa imegeuka matabishi.

Wafanyabiashara wa mpaka huu wanaishi na mambo hayo kila siku ya soko. Pengine ndiyo sababu kichekesho kimoja cha Trevor Noah, kilichorekodiwa Los Angeles mbele ya Wamarekani, kinapokewa vizuri zaidi katika lojingi za Bwera kuliko mtu angetarajia. Mchekeshaji huyo wa Afrika Kusini anasimulia alivyokwenda kununua taco, chakula cha Kimeksiko, kwenye gari la barabarani. Mwuzaji akamuuliza kama anataka napkin. Marekani hiyo ni karatasi ya kufutia mikono. Alikokulia Noah, neno hilo ni nepi ya mtoto. Kwa hiyo anasimama pale akijiuliza ni chakula cha namna gani hiki, ambacho mtu mzima hawezi kukila bila kuvalishwa nepi.

Onyesho hilo linaitwa Son of Patricia, yaani mtoto wa Patricia, na lilitolewa na Netflix Novemba 2018. Katika vichekesho vya jukwaani vya aina hii mtu mmoja hushika maikrofoni kwa saa nzima. Haigizi mlevi wala havai gauni la bibi. Anasimulia maisha yake: mama yake, safari zake, aibu zake.

Netflix inahitaji kadi ya benki na bando la kutosha, vitu ambavyo mchuuzi wa samaki hana haja navyo. Bwera na Kasese mjini, filamu na vichekesho husafiri kwa flashi na memori kadi. Kijana mwenye kompyuta huketi na orodha yake, mteja huchagua, malipo hufanyika, simu hujazwa. Inachekesha kidogo kwamba watu wanaolalamika kila wiki kuhusu magendo yanayowaharibia bei hutazama onyesho lililofika kwa njia ya panya vilevile, na mwenye kazi yake halipwi hata shilingi.

Tatizo kubwa kwao ni lugha. Filamu za nje Uganda zimezoea kupita kwa watafsiri wanaojulikana kama maviji, akina VJ Junior na VJ Jingo, ambao huweka sauti zao juu ya picha na kusimulia kwa Kiluganda. Njia hiyo inafaa kwa filamu ya kupigana, kwa kuwa risasi haihitaji tafsiri na mhusika akikimbia kila mtu anaona anakimbia. Katika onyesho la mtu mmoja hakuna cha kuona. Kuna sauti tu: lafudhi ya Mmarekani, lafudhi ya mama Mxhosa, kusita kidogo kabla ya neno la mwisho. Ukiweka sauti nyingine juu yake umefunika chote alichokuwa nacho.

Hapo ndipo lojingi inapofanya kazi yake. Simu huegemezwa kwenye chupa ya soda, mmoja aliyesoma zaidi hukaa karibu nayo, na wengine humtazama yeye kama wanavyoitazama simu. Kicheko huja mara mbili. Kwanza hucheka wale wawili au watatu wanaokijua Kiingereza, halafu video husimamishwa, maneno hugeuzwa kuwa Lukonzo au Kiswahili, na ndipo kicheko cha pili hufuata. Mara nyingine cha pili ndicho kikubwa, kwa sababu mfasiri ameiacha nepi ya Noah na kuweka posho ya dereva wa Dar es Salaam. Mtaalamu wa tafsiri angekataa. Ukweli ni kwamba mfasiri huyo ameielewa kazi kuliko wengi wanaolipwa kwayo.

Sehemu nyingine ya onyesho hupokewa kwa namna tofauti kidogo. Noah anasimulia alivyokuwa mtalii kisiwani Bali, Indonesia, akapelekwa kuona maisha halisi ya wenyeji. Maisha hayo halisi yakawa ni kuingizwa nyumbani kwa mtu na kumtazama akiishi. Watazamaji wa Los Angeles wanacheka kwa kujiona, maana wao ndio watalii. Wilaya ya Kasese iko upande wa pili wa kamera. Barabara ya kutoka Kasese mjini kuja Bwera hukatiza Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, na njia ya kwenda Katwe iko hapo hapo jirani. Katwe ni ziwa la chumvi ambako wanaume na wanawake wamechimba chumvi kwa vizazi vingi, wakisimama ndani ya maji makali yanayochubua ngozi, na siku hizi kuwatazama wakifanya hivyo ni sehemu ya ratiba ya watalii. Kwa mtu ambaye ndugu yake yumo ndani ya yale maji, kichekesho cha Bali kinachekesha kwa upande mmoja wa mdomo.

Lakini onyesho limepewa jina la Patricia, na ni Patricia anayezua mjadala.

Noah alizaliwa Johannesburg mwaka 1984, mama Mxhosa na baba Mswisi, wakati sheria za makaburu zilikataza mweusi na mzungu kulala pamoja. Kuwepo kwake kulikuwa ushahidi wa kosa, jambo lililompa jina la kitabu chake cha mwaka 2016, Born a Crime. Mama yake aliolewa baadaye na mwanamume mwingine, wakaachana, na mwaka 2009 mwanamume huyo akampiga risasi. Patricia alipona. Katika Son of Patricia mwanawe hasimami sana kwenye risasi. Anasimulia alivyofundishwa na mama huyo kupokea tusi la kibaguzi: ulichukue, ulichanganye na upendo wa Yesu, kisha umrudishie mwenyewe.

Kina mama wanaovusha samaki wa chumvi na mafuta ya mawese kati ya Bwera na Kasindi hawahitaji mfasiri hapo. Wanamjua mwanamke anayelea watoto peke yake, anayekwenda kanisani hata gari likiwa bovu, anayetukanwa mpakani na kujibu kwa sala yenye ncha. Wengine humwona Noah kuwa mtoto mwenye shukrani, aliyetumia jukwaa kumtukuza mzazi. Wengine, hasa wanaume wa umri, husema mambo ya nyumbani hayapelekwi sokoni. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata isiyofunga mdomo haifai kuwekwa mtungini.

Mjadala huo si wa Afrika Kusini peke yake. Anne Kansiime, mchekeshaji wa Uganda anayejulikana kuliko wote nje ya nchi, alizaliwa Mparo mwaka 1986, kule Kigezi, upande huu huu wa magharibi. Alianzia kwenye jukwaa la Theatre Factory na kipindi cha MiniBuzz, akapata jina kwa kuigiza mwanamke asiyekubali kuonewa na mtu yeyote. Ndoa yake ilipovunjika, mwaka 2017 alilitangaza hadharani. Mwaka 2021 alipata mtoto wa kiume baada ya miaka ya kusemwa na watu. Tangu hapo wanaomfuata hawamchukulii kama mhusika wa kuchekesha tu, bali kama dada aliyepitia jambo na kulisema. Katika wilaya ambamo mwanamke asiye na mtoto husimangwa hata kwenye foleni ya maji, si jambo dogo.

Patrick Idringi, yaani Salvado, naye amejijengea jina kwa kujiita mtu wa Ombokolo na kuibeba asili yake ya kaskazini magharibi hadi kumbi za Kampala. Kigezi imepata msemaji, na kaskazini magharibi vilevile. Mkonzo wa Bwera akitazama jukwaa la Kampala bado anatafuta nani atasimulia maisha ya daraja la Lhubiriha.

Swali hilo lina uzito kwa sababu ya mambo ambayo msimulizi huyo angelazimika kuyagusa. Juni 2019 Ebola ilivuka kutoka Kongo kupitia hapa, na mtoto wa miaka mitano akafariki katika Hospitali ya Bwera. Machi 2020 mpaka ulifungwa kwa watu kwa ajili ya Uviko, malori yakaendelea kupita na mwenye kikapu akabaki. Mei mwaka huo huo Mto Nyamwamba ulifurika na kuharibu Hospitali ya Kilembe. Hayo watu wanayatania tayari. Kipima joto kilichoelekezwa kwenye paji la uso kama bastola, ndoo za kunawa mikono kila hatua, mfanyabiashara aliyenawa mara nyingi mpaka akasahau alikuja kuuza nini: utani huo uko sokoni.

Kuna mambo mengine ambayo hakuna anayeyatania. Novemba 2016 zaidi ya watu 100 waliuawa Kasese katika mapambano ya vyombo vya usalama na walinzi wa mfalme wa Rwenzururu. Usiku wa Juni 16, 2023, waasi wa ADF waliishambulia shule ya sekondari ya Lhubiriha, karibu kabisa na mpaka, wakaua watu 42, wengi wao wanafunzi waliokuwa bwenini. Tarehe hiyo hiyo, miaka miwili kabla, marais Yoweri Museveni na Félix Tshisekedi walikuwa wamesimama Mpondwe kuzindua ujenzi wa barabara za kwenda Beni na Butembo. Kwa wakazi wa hapa tarehe moja imebeba ahadi na msiba, na si wengi wanaoweza kuitaja bila kunyamaza kidogo.

Je, mambo ya namna hiyo yanaweza kuingia kwenye onyesho la kuchekesha? Mmarekani Richard Pryor aliungua vibaya mwaka 1980 akiwa katika ulevi wa dawa za kulevya, na mwaka 1982 akasimama jukwaani na kuusimulia moto huo. Noah anasimulia ubaguzi uliomtesa mama yake. Lakini Pryor alisimulia mwili wake mwenyewe, na Noah anasimulia mama aliye hai. Wazazi wa Lhubiriha hawakuwapa ruhusa wachekeshaji wa Kampala, wala hawajaombwa. Akija mtu wa nje na utani wa Kasese, hata ukiwa mzuri, utasikika kama yule mtalii wa Bali aliyeingia nyumba ya watu. Atakayeweza ni mtu aliyekuwa na mdogo wake bwenini, na huenda mtu huyo asitake kuchekesha mtu yeyote maisha yake yote.

Akitaka, atachagua lugha gani? Lukonzo kitamfikisha Beni na Butembo, maana Wakonzo wa Uganda na Wanande wa Kongo ni watu wamoja na lugha yao ni moja, mpaka ndio uliowakuta. Kiingereza kitamfikisha Kampala na Nairobi, na kumwacha mama wa samaki akisubiri mfasiri. Kiswahili ndicho tayari kinachopanga bei kwenye daraja, na Julai 2022 kilipata nguvu mara mbili ndani ya wiki moja: Julai 5 baraza la mawaziri la Uganda lilikikubali kuwa lugha rasmi, na Julai 11 Kongo ikakamilisha kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki. Onyesho la saa moja kwa Kiswahili cha mpakani, chenye posho na bugali na matabishi ndani yake, lingeuzika Kasese, Goma, Bukavu na Kigoma bila kuhitaji mtu wa kusimamisha video.

Kwa sasa bidhaa hiyo haiko sokoni. Usiku wa kuamkia siku ya soko, simu ya lojingi huzimika betri kabla Noah hajafika mwisho, na hakuna anayehangaika kuiwasha tena. Mizigo ya samaki lazima ifungwe kamba kabla ya alfajiri, na foleni ya forodha huanza mapema. Mfasiri hulipwa soda. Aliyekosa sehemu ya mama huwaomba wenzake wamsimulie njiani, na wao humsimulia kwa Lukonzo wakiwa na vikapu kichwani. Kufika darajani Patricia amekwisha kuwa mwanamke wa Kisinga, na kanisa lake liko Bwera.