Je, Wajua Tovuti Yako Inalala Wapi?

Mwishoni mwa mwaka 1990, ndani ya kituo cha utafiti wa fizikia cha CERN kilichopo karibu na Geneva, palikuwa na kompyuta nyeusi iliyobandikwa karatasi yenye maandishi ya wino mwekundu. Karatasi ilisema kwamba mashine hiyo ni seva na mtu asiizime. Aliyeibandika ni Mwingereza Tim Berners-Lee, mbunifu wa wavuti, na hakuwa na mzaha. Siku zile wavuti ya dunia nzima ilikaa ndani ya kompyuta ile moja. Mfagizi mwenye nia njema, anayetafuta pa kuchomeka mashine yake, angetosha kuizima.

Tangu hapo seva zimejaa duniani, lakini tabia yao ni ile ile. Seva ni kompyuta. Ina prosesa, kumbukumbu na diski kama hiyo uliyonayo, ila haina kioo wala kibodi. Ile nyembamba ni bapa kama sinia, kimo chake sentimita 4.4, nayo hupachikwa pamoja na wenzake kwenye kabati la chuma la inchi 19 ambalo kwa kawaida lina nafasi 42. Nyingi zina vyanzo viwili vya umeme ili kimoja kikifa kingine kishike. Feni zake huvuma usiku na mchana, na ukiingia chumba chenye makabati hayo utazungumza na mwenzako kwa kupaza sauti. Mtu wa Tabora akigusa jina la tovuti kwenye simu yake, swali linasafiri, seva inajibu, kisha inarudi kungoja swali jingine.

Wengi wetu wenye tovuti hatujawahi kuiona seva yetu wala hatujui iko nchi gani. Mimi nilikuwa hivyo hivyo mpaka Ijumaa moja ya mwezi Desemba, shangazi yangu aliponipigia simu kutoka Pangani, ambako ana nyumba ya wageni ya vyumba saba.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Mwanangu, kuna mgeni ananiambia eti nimefunga hoteli. Nimefunga lini?"

"Hujafunga, shangazi. Tovuti ndiyo imezimika."

"Basi iwashe."

Tovuti ile niliitengeneza mimi na nikaiweka kwa kampuni ya bei rahisi kuliko zote nilizoziona, shilingi 60,000 kwa mwaka, nafasi "isiyo na kikomo". Jina la kampuni naliacha. Niliwaandikia mafundi wake, wakanijibu baada ya saa sita: "Mpendwa mteja, tafadhali futa kumbukumbu za kivinjari chako kisha ujaribu tena." Nikafuta. Nikajaribu kwa simu ya jirani, nikajaribu kwa kompyuta ya ofisini. Kote namba ya kosa ilikuwa moja, 508. Niliwaandikia mara ya pili, nikapata jibu lile lile neno kwa neno, safari hii likiwa na jina la fundi mwingine.

Namba 508 ina maana yake, na aliyewahi kupanga chumba uswahilini ataielewa upesi. Seva ya bei ya chini ni nyumba ya kupanga: wapangaji mamia, ukuta mmoja, bafu moja, na mita ya LUKU ni moja. Mpangaji wa chumba cha tatu akichomeka jiko la umeme, taa za chumba cha saba zinafifia. Ili watu wasigombane, mwenye nyumba hufunga kwenye kila chumba kifaa cha kupimia: ukifikisha kiasi fulani cha prosesa au kumbukumbu, unakatwa, na mgeni wako anaona 508. Ubaya ni pale mwenye nyumba anapopangisha watu wengi kuliko nyumba inavyobeba, kwa hesabu kwamba hawatapika wote saa moja. Hesabu hiyo hukubali miezi kumi na moja. Desemba, kila mwenye hoteli anapotembelewa, hukataa.

Hata ile "isiyo na kikomo" nikaja kuielewa baadaye. Kikomo kilikuwepo, ila hakikuhesabiwa kwa gigabaiti. Walihesabu mafaili, na mwisho wetu ulikuwa mafaili 250,000. Ni mengi, utasema. Lakini kila picha unayopandisha huzaa nakala ndogo ndogo za saizi tofauti, na kila barua pepe iliyohifadhiwa nayo inaweza kuwa faili.

Kuna adha nyingine ya nyumba ya kupanga ambayo watu hawaitambui. Wapangaji wa seva moja mara nyingi huchangia anwani moja ya IP. Anwani za aina ya zamani, IPv4, ni takriban bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima, kwa hiyo haziwezi kugawiwa ovyo. Sasa jirani yako mmoja akianza kutuma barua pepe za kitapeli, anwani nzima huingizwa kwenye orodha ya wakorofi. Majibu ya shangazi kwa wageni wake yalikuwa yanaangukia kwenye kapu la barua taka, naye akidhani Wazungu wamekuwa na dharau.

Nilipochunguza zaidi nikagundua seva yetu ilikuwa Marekani, na hapo fizikia inaingia. Mwanga ndani ya uzi wa kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Tuseme njia ya mkongo kutoka Dar es Salaam kupitia Ulaya hadi Marekani ni kilomita 20,000: swali linatumia sehemu ya kumi ya sekunde kwenda, jibu linatumia nyingine kurudi. Si kitu, kama safari ingekuwa moja. Lakini kabla herufi ya kwanza haijaonekana, simu na seva lazima zisalimiane, zikubaliane namna ya kufunga mazungumzo kwa siri, ndipo ukurasa uombwe. Safari tatu au nne zimekwisha. Ongeza seva iliyolemewa, na sekunde zinakatika mgeni akitazama ukurasa mweupe.

Hata hivyo tumetoka mbali. Kabla mkongo wa SEACOM haujafika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009, sehemu kubwa ya mawasiliano yetu ilipanda hadi kwenye setilaiti iliyo karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, na swali pamoja na jibu vilikula karibu nusu sekunde angani peke yake. Na kabla ya kituo cha kubadilishania data cha KIXP kusimama vizuri Nairobi mwaka 2002, barua pepe ya mtu wa Westlands kwenda kwa mtu wa Buruburu iliweza kuzunguka ng'ambo ya bahari kwanza. Niseme pia kwa haki kwamba si kila kuzimika ni kosa la mwenye seva. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika baharini, na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko. Siku hiyo hata seva nzuri kuliko zote isingekufaa kitu.

Lakini ya kwetu haikuwa siku moja. Nilianza kuandika kwenye daftari kila inapozimika, na Januari peke yake nilijaza ukurasa. Mkataba uliahidi kuwa hewani asilimia 99.9 ya muda. Ukipiga hesabu, hiyo bado inaruhusu kuzimika saa 8 na dakika 45 kwa mwaka, wala hakuna anayesema saa hizo zisiangukie mkesha wa Mwaka Mpya. Fidia nayo ilikuwa sehemu ya ada kwa muda uliopotea. Shilingi 60,000 gawanya kwa siku 365: tovuti ikizimika siku nzima, shangazi anadai shilingi 164. Haitoshi hata kununua andazi.

Kilichonihamisha hasa si hasira. Nilisoma habari za moto wa Strasbourg. Usiku wa tarehe 10 Machi 2021, jengo moja la seva la kampuni ya OVHcloud katika mji huo wa Ufaransa liliteketea lote, na jingine la jirani likaungua kwa sehemu. Hakuna mtu aliyeumia. Lakini shirika la Netcraft lilikadiria kwamba tovuti milioni 3.6 zilizimika, na mwanzilishi wa kampuni, Octave Klaba, akawaandikia wateja wawashe mipango yao ya dharura. Wapo ambao hawakuwa nayo. Wapo pia waliolipia nakala rudufu wakadhani wamesalimika, kumbe nakala zilikuwa Strasbourg hapo hapo, zikaungua pamoja na nakala mama. Mchezo wa kompyuta uitwao Rust ulipoteza data za seva zake kadhaa za Ulaya, zisirudi tena. Niliwauliza mafundi wa kampuni yetu nakala za tovuti ya shangazi ziko wapi. Wakajibu: kwenye seva hiyo hiyo.

Kuhamisha mafaili kulinichukua jioni moja. Unapakua mafaili, unapakua hifadhidata, unapandisha kwenye seva mpya, unarekebisha nywila mbili tatu. Nilichagua kampuni yenye seva Ujerumani, kwa sababu wageni wengi wa shangazi wanatoka huko na Uholanzi, na seva inapaswa kuwa karibu na wanaouliza. Aliyeko Pangani hahitaji tovuti. Akitaka chumba anapiga hodi.

Jina ndilo lililonitoa jasho.

Hapa pana jambo ambalo wenye tovuti wengi hulichanganya: jina la tovuti na seva ni vitu viwili mbalimbali. Seva ni chumba, jina ni kibao kinachoelekeza watu chumbani. Zamani za ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti, majina yote ya kompyuta yaliandikwa kwenye faili moja lililotunzwa na ofisi moja huko Stanford Research Institute, California, chini ya mama mmoja aitwaye Elizabeth Feinler. Kompyuta zilipoongezeka, faili likawa halishikiki. Mwaka 1983 Paul Mockapetris akabuni mfumo wa DNS, ambao unagawa daftari hilo vipande vipande, kila mwenye kikoa, yaani jina la tovuti, akatunza kipande chake. Simu yako inapotaka kujua tovuti fulani iko anwani gani, inauliza ngazi kwa ngazi, na jibu likipatikana linahifadhiwa njiani kwa muda aliouweka mwenye kikoa, ukihesabiwa kwa sekunde. Kama ni 86,400, jibu la zamani linaweza kuendelea kutumika hadi siku nzima hata kama umekwisha hama.

Kwa hiyo anayejua kazi hushusha namba hiyo hadi 300, yaani dakika tano, siku moja kabla ya kuhama. Kisha hubadilisha anwani, na chumba cha zamani hukiacha wazi kwa siku kadhaa. Mimi hilo la kwanza sikulijua. Nusu ya wageni wakawa wanafika nyumba mpya, nusu nyumba ya zamani, na mimi nikiwa katikati nashangaa tovuti moja ina bei mbili za vyumba. Barua pepe nazo zina kibao chao peke yao ndani ya DNS, kiitwacho MX, na nilikisahau. Siku ya tatu nilipochungulia kisanduku cha zamani nilikuta ujumbe wa familia iliyotaka vyumba vinne. Walikuwa wameshapata kwingine.

Yote hayo yalikuja baada ya kulipata jina lenyewe. Nilipoomba rekodi ya usajili wa kikoa cha shangazi, palipoandikwa mmiliki palikuwa na jina la kampuni, na barua pepe ya kampuni. Wakati wa kujiunga walisema "tutakusajilia bure", nami nikafurahi. Kisheria kibao cha hoteli kilikuwa chao. Seva mbovu unaiacha usiku huo huo, lakini kikoa cha .com hakitoki kwa msajili wake bila msimbo maalumu wa kuhamishia, na msimbo hupewa mmiliki. Nilibembeleza siku kumi na tisa. Nikatuma risiti, leseni ya biashara, picha ya bango la barabarani lenye jina lile lile. Jibu la mwisho, kabla hawajaachia msimbo, lilinitaka nifute kumbukumbu za kivinjari.

Shangazi hakupendezwa na maelezo yangu ya DNS, ila la jina alilielewa mara moja, maana kiwanja chake kiliwahi kuandikwa jina la mtu mwingine. Sasa nywila ya akaunti ya kikoa iko ndani ya bahasha, kwenye sanduku moja na hati ya nyumba. Nakala ya tovuti iko kwenye diski ya mkononi hapo Pangani na nyingine kwangu Dar, na tarehe ya kulipia jina ameizungushia kalamu nyekundu kwenye kalenda ya ukutani. Wewe mwenye duka, shule au msikiti wenye tovuti, fungua akaunti yako leo uangalie palipoandikwa mmiliki. Ukikuta jina la fundi au la kampuni, omba ubadilishiwe sasa, wakati bado mnasalimiana.